Mafundo ya Ngosa

Matanga ya Ngosa yalijaa parseli nzima, ua wote wa nyumba yao, pale mtaa wa Kenya mjini Lubumbashi, wanawake chini kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya kuazima, na baba wa marehemu, jamani, alikuwa wapi? Alikuwa chini ya dashibodi ya Land Rover, miguu nje, viatu vya kanisani vimejaa vumbi. Watu walitazamana. Mzee Kapya amerukwa na akili, walinong'ona. Wala hakurukwa na akili. Afadhali angerukwa.

Ngosa ndiye aliyekuwa mtoto wake wa pekee wa kiume. Malaria ilimpanda kichwani mwanzo wa juma, ikamwondoa kabla juma halijaisha. Sasa sanduku lilikuwa ndani ya nyumba, na Hortense, mama yake, alikuwa amelilalia kifua na hataki kuguswa na mtu.

Mji ule una desturi yake. Motokari inayobeba maiti hufungwa matawi mbele na kuwashwa taa kubwa, hata jua liwe la saa sita. Taa zile ndizo zinazowaambia wengine barabarani: simameni, mtu anapita mara ya mwisho. Wakati wa kurudi kutoka makaburini zinazimwa. Sasa Land Rover ya Ngosa haikuwa na taa. Yaani taa zenyewe zilikuwepo, mbili, kubwa, ila hazikuwahi kuwaka tangu aliponunua gari lile kuukuu kwa mkulima mmoja mzungu, upande wa Kipushi, aliyekuwa anarudi kwao. Hata ufunguo halikuwa nao. Ngosa aliliwasha kwa kugusanisha nyaya mbili, cheche zikaruka, injini ikakohoa, naye akacheka. Kisha alikimbizana na jua ili giza lisimkute njiani na magunia yake ya unga.

Na fundi wa umeme wa magari alikuwa nani? Baba yake huyo huyo! Kapya, ambaye malori ya mgodi yakizimika kule gereji ya kampani ya shaba, wanasema tu mwiteni Kapya. Ngosa alipata swichi kwa wachuuzi wa mpakani, ile ya duara, ufunguo katikati na kijiti cha taa kinachozunguka pembeni yake. Akamletea baba yake ndani ya karatasi ya gazeti.

"Baba, uniwekee hii."

"Mimi? Ku ile chuma chakavu? Nilikutafutia kazi ku kampani, ukakataa. Unataka kuuza bunga mu njia. Basi endesha vile iko."

"Baba, ni kontakti ya kuwashia na taa tu."

"Nimesema hapana."

Akaomba tena, akajibiwa vile vile. Lo, kiburi cha mzee yule! Si kwamba hakumpenda mtoto. Alitaka achoke, auze lile gari, avae ovaroli ya kampani, apate nyumba na posho ya kila mwezi kama watoto wa wenzake. Alidhani wakati upo. Swichi ikakaa kabatini ndani ya gazeti lake tangu mvua zilipokwisha hadi mvua zilipoanza tena.

Edouard, kaka yake Hortense, akaja akainama mlangoni mwa Land Rover. Kwa watu wao mjomba ndiye mwenye neno juu ya maiti ya mpwa wake, na Edouard alikuwa ameshaomba kamyo, lori la kubebea sanduku.

"Shemeji, toka mule. Kamyo iko njiani."

"Mutoto atabebwa na motokari yake."

"Haina taa! Tutamupitisha mu mji kama muzigo wa makala ya kupikia?"

"Njo maana minaweka."

"Leo?" Edouard alipiga paa la gari kwa kiganja. "Leo njo unaweka?"

Kapya akajivuta ndani zaidi chini ya dashibodi.

"Kamyo ikifika, tunaenda na kamyo," Edouard akasema. "Sitakungojea."

Alikuwa na haki yake. Kapya alilijua hilo, akashika bisibisi na ile swichi aliyoitoa kabatini. Betri ameshaikata. Kazi yenyewe si ngumu kwa anayejua waya upi ni upi, lakini gari kuukuu ni balaa. Zamani kila waya ulikuwa na rangi yake, na vumbi jekundu la Katanga lilikuwa limezipaka zote rangi moja. Ukikosea, ukaweka wa betri pasipo pake, moshi unatoka na kila kitu kinaungua. Kuzifuata moja moja kwa balbu ya kupimia, toka mbele mpaka nyuma, ni kazi ya siku nzima, na siku nzima hakuwa nayo. Akaingiza mkono nyuma ya dashibodi apapase aone aanzie wapi.

Kidole kikagusa fundo.

Akatulia. Ulikuwa uzi wa kushonea, umefungwa kwenye ncha ya waya, fundo moja. Akapapasa waya wa pili: mafundo mawili. Wa tatu: matatu. Hii ilikuwa kazi yake yeye, Kapya, na hakuna fundi mwingine Lubumbashi aliyefanya hivyo. Wenzake gereji waliandika kwenye vikaratasi, oili ikafuta. Yeye alifunga mafundo, mkono usome pale macho yasipofika: moja betri, mawili moto wa injini, matatu taa kubwa, manne taa ndogo. Alimfundisha Ngosa akiwa mdogo, kizingitini, macho yamefungwa kwa kitambaa cha mama yake. Mtoto alipapasa nyaya huku akicheka mpaka anakaa chini.

Kumbe Ngosa alikuwa amezifuata nyaya zote mwenyewe, peke yake, mpaka mwisho. Ncha zimemenywa na kusokotwa tayari. Hata tundu la swichi alikuwa amelikata kwenye dashibodi, akalipiga tupa likawa laini. Yalibaki mambo ya skrubu chache tu, ambazo hata mtoto wa shule angezikaza. Hakuzikaza. Alimwachia baba yake.

"Yoo! Ngosa! Mutoto yangu eh!"

Ilikuwa mara ya kwanza Kapya kulia tangu msiba uingie. Wanawake mikekani walimsikia, wakapokea kilio chake wote kwa pamoja. Naye alilia huku mikono inafanya kazi, kwa sababu mikono haikuhitaji macho. Fundo moja, hapa. Mawili, hapa. Mwisho akatoka, akarudisha waya wa betri, akaketi kwenye usukani.

Kamyo iliingia inapiga honi. Edouard akafungua mdomo kumwita shemeji yake, na hapo hapo Kapya akazungusha ufunguo, injini ikanguruma, akazungusha na kijiti cha taa mpaka mwisho. Taa mbili zikawaka mbele ya watu wote.

Edouard alizitazama. Akafuta uso, akamwambia dereva wa kamyo apakie waombolezaji.

"Sogea," akamwambia Kapya. "Baba haendeshi sanduku ya mutoto yake. Ntaendesha miye."

Wakapita mjini. Wenye baiskeli walishuka, wanaume wakavua kofia, magari yakasimama kando. Ngosa akazikwa.

Wakati wa kurudi walikaa watatu mbele, Hortense katikati. Taa bado zinawaka. Edouard hakuliondoa gari.

"Zimisha, shemeji. Ni weye uliziwakisha."

Kapya alishika kijiti, akashindwa. Hortense hakuwa amemsemesha tangu mtoto akate roho. Sasa alimgeukia, akamwita kwa jina lile la ubatizo, moja ya majina ya kizungu ambayo serikali ilikuwa imekataza watu wote wasiyatumie hadharani.

"Clément. Ile kazi, ilikuwa nguvu?"

"Hapana," Kapya akasema. "Ilikuwa kazi kidogo tu. Yote alikuwa amefanya."

"Minajua. Ule uzi ni yangu, aliniomba miye. Akaniambia: mama, siku baba ataingiza mukono tu mule, atacheka."

Kapya akakizungusha kijiti, taa zikazimika, na Edouard akatia gia.