Kiatu Kwenye Kibwagizo

Mpango mzima wa video uliandikwa kwenye jedwali moja la mtandaoni, na jedwali hilo lilikuwa na wenyewe watatu, kila mmoja na rangi yake. Mistari ya kijani ilikuwa ya Besi, mvulana wa sauti, ambaye kwake wimbo usiotikisa vioo vya madirisha haujawa wimbo. Ya waridi ilikuwa ya Chiriku, mwimbaji, msichana ambaye mdomo wake haukuwahi kupewa likizo. Ya bluu ilikuwa ya Mkasi, msichana wa pili. Yeye ndiye aliyetunga maneno, ndiye aliyechora kila picha kwenye simu kabla haijapigwa, na ndiye aliyekuwa akikata na kuunganisha klipu, kwa hiyo jina lake la utani halikuhitaji maelezo.

Kazi ilitolewa na mwalimu wa kompyuta. Kila kundi litunge wimbo, lipange video yake, liirekodi kwa simu, na Ijumaa zote zionyeshwe ukumbini mbele ya shule na wazazi. Besi alikuwa akiwaza alama. Chiriku alikuwa akiwaza gauni. Mkasi naye alikuwa na lake, ambalo hakuliandika kwenye jedwali hata kwa rangi ya bluu: alitaka kumwomba mama yake msamaha, na alitaka iwe mbele ya shule ileile alikomkosea.

Mama yake alikuwa fundi wa makochi. Homa ya uti wa mgongo ilimpokonya mama huyo masikio wakati Mkasi ana miaka miwili, lakini ulimi ilimwachia, na ulimi huo ukafanya kazi ya viungo vyote vilivyobaki. Alizungumza kwa sauti ya juu kwa sababu hakuwa na namna ya kuipima. Midomo ya watu aliisoma upesi mno, hata wateja wakasahau kuwa ni kiziwi. Wengine waliwahi kunong'onezana mbele yake kwamba fundi huyu ni ghali, wakajibiwa papo hapo. Alichokichukia duniani kilikuwa kimoja tu. Mkasi alipokuwa mdogo na hasira zikampanda, aligeuza mgongo kwanza, ndipo akasema la kusema. Mama alibaki akiutazama ule mgongo kama mlango uliofungwa kwa ndani.

Sasa kosa lenyewe. Miaka minne nyuma, wiki ya kwanza ya Mkasi katika shule mpya, alisahau mkebe wake wa hesabu nyumbani. Mama akaacha kazi, akaja nao mpaka getini, aproni imejaa manyoya ya sponji, akaita kwa sauti yake yote: "We Kibonge! Kibonge wa mama! Mkebe wako huu!" Wasichana aliokuwa nao Mkasi wakaangua kicheko, mmoja akauliza ni nani huyo anayepiga kelele namna hiyo. Mkasi akapita. Hakugeuka, hakupunguza mwendo, alikwenda moja kwa moja mpaka darasani, na mkebe ukaachwa kwa mlinzi. Jioni mama alimwambia, "Nilikuita, hukusikia. Labda sauti yangu siku hizi inapungua." Mkasi akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo mama hakukanyaga tena pale shuleni, na Mkasi akaishi na donge hilo kooni, kila akitaka kulitoa analimeza.

Ndiyo maana kibwagizo kilikuwa hivi: *Siku ile nilipita, leo nasimama hapa.* Chiriku alikiimba chumbani kwa Besi, godoro limesimamishwa ukutani lizuie mwangwi, na alikiimba vizuri mno. Alidhani ni wimbo wa mapenzi.

Jumamosi karakana ya mama iligeuzwa studio. Mama mwenyewe alipigilia magurudumu manne chini ya kochi la mteja, la kukalia mtu mmoja, Mkasi akaketi humo na simu, Besi akamsukuma, na kamera ikateleza taratibu bila kutikisika.

"Na mwenyewe akija kulichukua?" Besi aliuliza.

"Mwambie kochi lake liko kazini," mama akajibu, kisha akarudisha misumari yake midogo mdomoni.

Besi alimpenda mama huyu kupita kiasi, na ilimuuma kwamba hajawahi kuusikia muziki wake. Akaiweka spika chini ya kochi jipya, akamsihi aketi, apate ule mtetemo kwa mwili. Mama akaketi, akafumba macho, akatulia kabisa. Besi akaanza kutabasamu, akiamini sasa umemwingia.

"Springi ya kushoto imelegea," mama akasema, akainuka kutafuta koleo.

Picha ya kibwagizo ndiyo iliyowachukua muda mrefu zaidi. Chiriku alisimama dirishani, nyuma yake marobota ya velveti nyekundu, mwanga ukimwangukia shavu moja. Wimbo ulipigwa kwenye spika, yeye akawa anachezesha midomo tu bila kutoa sauti, kwa kuwa sauti yake safi ilikwisha kurekodiwa. Ile ya simu ingefutwa na hii kuwekwa juu ya picha. Safari ya kumi na moja macho yake yakajaa machozi. Mkasi hakuamini bahati yake. Alipoitazama klipu hiyo, vinyweleo vilimsimama, na kwenye jedwali akaandika kwa bluu: *hii hii, tusiiguse.*

Jumanne, baada ya shule, alimwonyesha mama. Maandishi ya kusomwa chini ya picha hakuwa ameyaweka bado. Alitaka kwanza mama auone uso, kama wanavyoonana wao nyumbani. Aliiegemeza simu kwenye kibunda cha nyuzi, mama akatema misumari kiganjani, akafuta mikono, akainama. Alitazama kwa jicho lile la kukagua mshono. Ubeti wa kwanza ukapita. Kibwagizo kikaingia, uso wa Chiriku ukajaza kioo, machozi yakimlenga.

Mama akacheka. Si kutabasamu, alicheka mpaka akashika mbavu, akashika meza, akaketi juu ya robota.

"Nini, mama?"

"Huyu mwenzako kiatu kinambana!"

"Kiatu gani?"

"Si anasema mwenyewe! Kiatu kinanibana, kiatu kinanibana, jamani dada kanipa cha mtoto."

Mkasi akairudisha klipu nyuma. Akaitazama mara moja, mara mbili, safari hii bila sauti. Ni kweli tupu. *Kiatu kinanibana* kilikuwa kimeingia mahali pa *leo nasimama hapa*, silabi nane kwa silabi nane, mdomo ukifunguka na kufumba palepale ngoma ilipopiga. Vijana watatu wenye masikio yao mazima walikuwa wameitazama klipu hiyo siku tatu, na masikio yakawadanganya macho.

"Na huko mwanzoni anaimba nini?" mama aliuliza, akijifuta machozi. "Yuko mbali, tena kochi linazunguka, sikuambulia neno. Wimbo wenyewe unahusu nini?"

Mkasi alifungua mdomo. Miaka minne ya kumeza, wiki tatu za kutunga, na mama yake amekaa juu ya robota anavunjika mbavu kwa ajili ya kiatu. Ilimchoma. Alisimama, akaelekea ukuta wa vitambaa, akasema, "Ulikuwa wako, mama. Wote ulikuwa wako."

Nyuma yake kicheko kikakatika.

"Umesema nini?" Kisha, kwa sauti ambayo kwa mama huyu ilikuwa ya chini, "Umegeuka tena."

Hakukuwa na hasira ndani yake. Ingekuwepo, Mkasi angejua la kufanya. Alitoka nje bila kujibu, akaketi kizingitini, akalia kwa aibu ya mtoto mdogo, naye ana miaka kumi na sita.

Jumatano walikutana darasani, na Chiriku alipoonyeshwa klipu alijaribu kukana kwa uso mkavu, akashindwa.

"Viatu vya dada! Yeye thelathini na saba, mimi thelathini na tisa. Mlinisimamisha saa nzima, maneno yakanitoka, nikasema mradi mdomo unacheza nani atajua?"

"Na yale machozi?"

"Kidole gumba."

Besi alitaka waweke maandishi chini ya picha mambo yaishe. Mkasi akamuuliza kama anataka maandishi yaseme *leo nasimama hapa* huku mdomo unalia kiatu, mbele ya mtu mmoja atakayeviona vyote viwili. Wakakubaliana Chiriku arudie kibwagizo miguu mitupu. Kisha Mkasi akapiga moyo konde, akasema lililobaki.

"Kibwagizo cha mwisho nitakaa mimi mbele ya kamera. Na sauti yote tutaizima."

"Yote?"

"Sekunde kumi na mbili."

"Video ya muziki isiyo na muziki!" Besi alitoa macho. "Afadhali unipige ngumi."

Basi akawasimulia. Habari ya geti, ya mkebe, ya Kibonge, ya kupita bila kugeuka. Aliisema akiwatazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, Chiriku akanyamaza. Besi alikaa akiutazama mstari wake wa kijani kwenye jedwali, ule ulioandikwa *hapa besi ipande mpaka mwisho*.

"Kwa hiyo ukumbi mzima utakuwa kiziwi," alisema taratibu, "isipokuwa mama yako."

"Ndiyo."

Akaufuta mstari wake, akaandika upya: *Sekunde kumi na mbili. Kimya. Asiguse mtu.*

Alasiri hiyo Mkasi alijirekodi mwenyewe kwenye lile kochi la magurudumu. Wenzake aliwatoa nje, na mama alikuwa amepeleka viti kwa mteja. Alirudia mara tisa. Mara nane alitazama pembeni.

Kazi ya kumwalika mama waliifanya wote watatu, maana Mkasi peke yake hakujiamini. Mama aliwasikiliza kwa macho, mmoja baada ya mwingine, nyundo ikiwa imening'inia mkononi.

"Mna hakika?" aliuliza, akimtazama binti yake. "Mimi nikifurahi napiga kelele."

"Ndiyo maana tunakutaka, Mama Fundi," Besi alisema.

Mama aliendelea kumtazama Mkasi mpaka naye akasema, polepole, midomo yake ikionekana vizuri, "Njoo, mama. Nakuomba."

Ijumaa alikuja na gauni lake la sherehe, kipande cha sponji kimenasa kwenye nywele bila yeye kujua, akaketi safu ya pili. Mkasi alisimama pembeni ya ukumbi. Video yao ilikuwa ya nne. Kochi likateleza, velveti ikang'aa, maandishi yakapita chini ya picha safi kabisa, na Chiriku wa miguu mitupu akaimba kilichotakiwa kuimbwa. Safari hii mama hakucheka. Alikuwa ameegemea mbele, na Mkasi alimwona akiisoma midomo, kisha maandishi, kisha midomo tena.

Halafu sauti ikakatika.

Mtu wa mitambo alizirukia nyaya. Mwalimu wa kompyuta akainuka, "Sauti! Jamani, sauti!" Besi alikuwa amekwisha kusimama mbele ya mitambo, mikono ameitanua, kifua mbele, akitikisa kichwa. Kwenye ukuta mweupe ulikuwepo uso wa Mkasi peke yake, mkubwa, hauna pambo, na chini yake hapakuwa na maandishi yoyote. Midomo ilisema, na ukumbi mzima ukakaa hauambulii kitu.

*Mama. Siku ile getini nilikusikia. Nilikusikia nikapita. Sauti yako haijapungua. Nisamehe.*

"Nilijua!"

Sauti hiyo ilitoka safu ya pili, na ilifika mpaka jikoni kwa wapishi. Vichwa vyote viligeuka. Mama alikuwa amesimama.

"Nilijua, Kibonge! Mabega yako yaliruka nilipokuita! Nilikuona!"

Hakuna aliyecheka. Mkasi hakukumbuka baadaye alipitaje katikati ya viti vile; alijikuta tu mbele ya mama yake, wamekaribiana, uso kwa uso, mwanga wa video ukiwa juu yao wote wawili.

"Mbona ulisema sauti yako inapungua?" aliuliza.

"Ulikuwa na miaka kumi na miwili, aibu imekujaa mpaka shingoni," mama alisema, na safari hii alijitahidi kunong'ona, akashindwa. "Nikakupa pa kujificha. Sikujua ungekaa humo miaka minne."

Mkasi alitaka kuinamisha kichwa. Hakukiinamisha, aliubakiza uso wake palepale, ukiwa umelowa, ili usomeke wote.

Mbele ya mitambo Besi alishusha mikono. Sekunde kumi na mbili zilikuwa zimekwisha kitambo; akaiachia video aliyokuwa ameisimamisha, na ngoma ikarudi kwa nguvu, vioo vya madirisha vikatikisika kama alivyoota siku zote. Mama akaupata mtetemo miguuni, akatazama sakafu, akatazama juu.

"Hapa hakuna springi iliyolegea," akasema. Akamfuta binti yake shavu kwa kidole gumba kile kigumu cha kazi, akamvuta mkono. "Sasa kaa, mwanangu, unawaziba watu wa nyuma."