Upepo Ulipolala

Kimbunga kilipiga pwani Jumatano alfajiri. Kufikia Alhamisi, redio ilisema upepo umepoa na kilichobaki ni mvua inayoelekea bara. Nadira alisikiliza hadi mwisho. Ami yake, Abdulfatah, aliishia kwenye upepo.

"Umelala," alisema. "Basi, kimekwisha." Alikulia Lamu, na huko ndivyo walivyoipima hatari.

Duka lao la vitabu lilikuwa River Road, na stoo yake chini ya ardhi, ngazi ya vidato kumi na vinne. Humo Abdulfatah aliweka magunia matatu ya misahafu iliyochakaa, ambayo watu humletea kwa sababu haitupwi, huzikwa.

Ijumaa asubuhi mjini jua liliwaka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha Dagoretti na Ngong, unakotoka mto unaopita karibu na duka.

"Mzee, bahari iko Mombasa," alicheka Tobias, mtunzaji wa jengo, Abdulfatah alipomwambia kimbunga kimekwisha. "Hapa kimbunga itapaki wapi?"

Kisha mende wakaanza kupanda kutoka stoo, mmoja mmoja, bila haraka, wakipita juu ya viatu vya Nadira.

Kutoka chini ikaja sauti kama pumzi ndefu. Mto ulikuwa umefurika ukaingia kwenye mabomba ya maji machafu, na maji yalirudi kupitia tundu la sakafuni, yakisukuma hewa mbele yake. Abdulfatah alishuka kuokoa magunia. La kwanza likapanda, la pili likapanda. Maji meusi yalimfika kiunoni, hayana hata wimbi. Taa ikazimika.

"Ami, toka."

"Moja tu, mwanangu. Yamesimama haya. Sikiliza."

Nadira alisikiliza. Kweli, ile pumzi ilikuwa imekoma. Hewa ilikuwa imekwisha mabombani. Sasa yalikuja maji matupu.

Alishuka gizani hadi kidato cha kumi na mbili kutoka juu, maji kiunoni. Gunia likamgusa kifuani, likisukumwa na mikono asiyoiona.

"Lipokee."

Hakulipokea. Alipapasa pembeni, akashika kifundo cha mkono wa ami yake, akavuta.

Juu, barabara ilikuwa kavu na watu walipita na mizigo yao. Abdulfatah aliketi kando ya magunia mawili, akitweta. Hakumwuliza kwa nini aliliacha la tatu. Aliuliza vimebaki vidato vingapi vikavu.

"Saba," Nadira alisema. Akatazama tena. "Sita."