Jina Lililotoka Ghalani

Ofisini walimwita Forodha, naye hakuona ubaya wowote, kwa sababu jina hilo lilieleza kazi yake vizuri kuliko cheo kilichoandikwa kwenye mkataba. Kampuni yao ilitengeneza programu za hospitali. Kubwa kuliko zote ilikuwa ile inayomwambia muuguzi dawa ya dripu iingie kwa kasi gani kwa mgonjwa wa uzito fulani. Programu ya namna hiyo haiandikwi yote na watu wa ofisi moja. Sehemu kubwa huungwa kwa vipande vilivyoandikwa na watu wengine huko duniani na kuachwa wazi mtandaoni, anayetaka achukue: kipande cha kusoma tarehe, kipande cha kuchora grafu, kipande cha kulinda nywila. Kazi ya Forodha ilikuwa kuhakikisha hakuna anayevichukua huko moja kwa moja. Kila kipande kilipita kwanza kwenye ghala lake, yaani kompyuta iliyokaa peke yake nyuma ya mlango wa kioo. Huko kiliwekwa karantini na kukaguliwa, na kikionekana hakina neno ndipo watengenezaji wa programu waliruhusiwa kukitumia.

Wao walinung'unika kwamba anawachelewesha. Mwenzao mkongwe, waliyemwita Babu kwa ajili ya mvi zake za mapema, alisema mama huyu hata mvua ikishushwa kutoka mtandaoni ataiambia isubiri zamu yake. Forodha alicheka pamoja nao, kisha akaendelea kuwasubirisha.

Asubuhi moja, kabla hajavua hata koti, alikuta karantini kipande kinachoitwa kasi-ya-dripu. Machale yakamcheza. Jina hilo alilijua kama majina ya wanawe. Kilikuwa kipande chao wenyewe, kimeandikwa palepale ofisini, kinakaa upande wa ghala wa vitu vya ndani, na hakijawahi kutoka nje. Lakini hiki kilikuwa kimekuja kutoka mtandaoni, na namba ya toleo lake ilikuwa kubwa kuliko ya kile chao. Akaelewa hila yenyewe papo hapo. Mashine inayounga programu ikiomba kipande, ghala lilikuwa na desturi ya kutazama ndani na nje, kisha kuleta chenye namba kubwa, likiamini kwamba kikubwa ndicho kipya. Mtu wa nje alikuwa ameweka mtandaoni kitu cha kwake, akakipa jina la kitu chao na namba kubwa, akakaa kusubiri wakimeze wenyewe.

Alikifungua kwenye kompyuta iliyotengwa. Juu kulikuwa na hesabu za uongo na kweli. Chini yake kulikuwa na mistari michache ya kukusanya nywila zote za kompyuta itakayokitumia na kuzituma kwenye anwani asiyoijua.

Kabla ya saa ya chai alikuwa ameshabadilisha mipangilio ya ghala, ili kipande chochote chenye jina lao kitafutwe ndani tu, na cha nje chenye jina kama hilo kikataliwe mlangoni. Tundu likazibwa. Swali lililobaki lilikuwa baya zaidi. Jina la kipande cha ndani halijulikani nje, sasa huyu mtu alilitoa wapi?

Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, akamtaka asimwambie mtu, na akamwachia yeye kazi ya kumtafuta aliyesema. Waliolijua jina hilo walikuwa watengenezaji peke yao, kikundi kinachoenea meza moja. Mmoja wao alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja. Yeye Forodha ndiye aliyemfanyia mpango wa kuingia pale, na siku ya kwanza alimsimamisha kwenye ngazi akamwambia kwamba humu ndani hawajuani, na asimtie aibu. Shemeji alicheka akakubali.

Tangu asubuhi ile Forodha hakuweza tena kumtazama mtu akaona mtu tu. Babu alikuja na viatu vipya, akajiuliza vimetoka wapi. Kijana mmoja wa mezani pale, mwenye kazi ya grafu, aliacha kusalimia. Akamfuatilia siku nzima hadi akagundua kwamba ana jino bovu. Aliona aibu, lakini hakuacha. Na kadiri alivyozidi kutazama ndivyo jicho lake lilivyorudi kwa shemeji. Akipita nyuma yake, kompyuta inafungwa nusu. Alikuwa amehamisha kiti chake akaegemea ukuta, ili skrini yake isionekane na yeyote. Wakati wa chakula alibaki mezani anaandika haraka haraka, na mtu akisogea anajikausha kama mwanafunzi aliyekutwa na jibu mkononi.

Kisha mdogo wake akampigia simu.

"Dada, mwenzangu ana mtu," alisema bila hata salamu. "Simu haimtoki mkononi, na Jumamosi hashindi nyumbani, anasema yuko kazini. Nyie mnafanya kazi Jumamosi?"

Hawakufanya kazi Jumamosi hata mara moja. Forodha akasema mara mojamoja huwa inatokea. Mdogo wake akashusha pumzi na kumshukuru. Alipokata simu, Forodha alijua kwamba hakusema uongo ule kumtuliza ndugu yake. Aliogopa tu shemeji asije akashtuka kabla hajamnasa.

Akaamua kutega. Alitengeneza vipande vya bandia, visivyofanya kazi yoyote, na kila kimoja akakipa jina lake tofauti. Akavichomeka kimyakimya kwenye mipangilio ya kompyuta za watengenezaji, kila mmoja na cha kwake. Aliyekuwa na kipande kimoja hakuwa na njia ya kujua jina la kingine. Jina mojawapo likionekana mtandaoni, atajua limetoka kwa nani. Kwa mkurugenzi hakusema kitu. Alijidai kwamba anamwepusha na usumbufu, ila ukweli ni kwamba hakutaka mtu mwingine aanze kumtazama shemeji yake kama anavyomtazama yeye.

Jumapili alialikwa chakula kwa mdogo wake, akaenda. Shemeji alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alimchagulia mnofu mzuri wa nyama na kumwekea sahani yeye mwenyewe, akawatania watoto kwamba leo Mama Mkubwa amekuja kukagua jikoni, kwa hiyo waoshe mikono. Wote wakacheka. Forodha alitafuna ile nyama polepole, akimtazama anavyogeuza simu kifudifudi kila inapotetemeka. Mdogo wake naye alikuwa anaitazama simu hiyohiyo. Macho yao yakakutana juu ya meza, kila mmoja na lake moyoni.

Haikupita muda mrefu, jina likatokea. Alikuwa akipitia soko la vipande la mtandaoni kila afikapo kazini, na siku hiyo likawa pale, limewekwa usiku uliopita, na namba ya toleo kubwa vilevile: kipimo-kivuli. Alilisoma tena na tena akitamani liwe la Babu, au la kijana wa jino. Lilikuwa la shemeji.

Hakwenda kwa mkurugenzi. Alimwita shemeji kwenye chumba kidogo cha mikutano, akafunga mlango, akamgeuzia skrini.

"Hili jina lilikuwa kwenye kompyuta yako peke yako," alisema. "Nililiweka mimi. Nani umempa?"

Shemeji alilitazama, na uso ukamshuka. Alisema alijua ipo siku itatokea kitu kama hiki, na Forodha aliposikia hivyo alidhani anasikia mtu anakiri. Lakini shemeji alifungua kompyuta yake na kumwonyesha ukurasa wa jukwaa la maswali, mahali ambapo watengenezaji wa programu wa dunia nzima huulizana wanapokwama. Alikuwa humo kwa jina la uongo. Maswali yake yalipangana kwenda chini kama ngazi. Programu inapokataa kufanya kazi hutoa ujumbe mrefu wa kosa, wenye majina ya vipande vyote ilivyovigusa, naye kila alipokwama aliunakili ujumbe wote kama ulivyo na kuuweka pale hadharani, kila mpita njia ausome.

"Kwa nini usimwulize Babu?" Forodha alisema. "Amekaa hapo pembeni yako."

"Babu anajua nilibebwa. Wote wanajua. Nikiuliza kitu kidogo wanaangaliana."

"Ungeniuliza mimi."

"Wewe uliniambia humu ndani hatujuani, shem."

Forodha akauliza kuhusu Jumamosi. Shemeji alieleza, macho yake mezani, kwamba kuna darasa analosoma ng'ambo ya mji pamoja na vijana wadogo wanaomwita mzee. Mke wake hajui. Angemwambia vipi kwamba kazi aliyoipata kwa sifa nyingi haiwezi?

Hata hapo Forodha hakuamini moja kwa moja. Alimwomba amwachie ukurasa ule, akaketi mchana kutwa kuyasoma maswali yote, akitafuta hata moja linalonuka biashara. Hakuliona. Aliona mtu anayeuliza, na watu wanaomcheka, wengine wakimshauri atafute kazi ya kulima. Mmoja tu hakumcheka. Huyo alijibu kila mara, kwa upole, na kila mara aliomba kitu kilekile: weka ujumbe wote, ndugu, usikate hata mstari, ndipo tutakusaidia vizuri. Na shemeji aliweka. Chini ya jibu la mwisho alikuwa ameandika: Mungu akubariki, wewe ndiye rafiki pekee niliyempata kwenye kazi hii.

Mistari hiyo ilimchoma Forodha kuliko yote aliyoyaona. Aliona wazi ni nani aliyekuwa akivuna majina, na kwamba upole ule ndio uliokuwa ufunguo wake.

Kesho yake alimweleza mkurugenzi kila kitu, pamoja na mtego aliouweka bila ruhusa. Mkurugenzi alimuuliza kama angelileta jambo hili vilevile endapo mhusika asingekuwa shemeji yake. Forodha alisema angelileta mapema zaidi. Mkurugenzi akaandika kitu, asimwambie ni nini.

Nywila zote zilibadilishwa. Maswali yalifutwa, ingawa kilichokwisha kusomwa hakiwezi kufutwa kichwani mwa mtu. Shemeji alipewa onyo la maandishi na kuondolewa kwenye utengenezaji. Badala ya kumfukuza walimpeleka kuzunguka hospitalini, kuwafundisha wauguzi kutumia programu yenyewe. Taarifa zilizorudi zilisema wanampenda, kwa kuwa haudhiki mtu akiuliza jambo lilelile tena. Babu, aliposikia kisa chote, hakutania. Alisema tu kwamba angemsaidia, kisha baada ya kufikiri kidogo akasema labda kweli asingemsaidia.

Siku ambazo shemeji alipita ofisini alisalimia kila meza kwa heshima. Zamani neno shem lilikuwa likimponyoka hata mbele ya watu. Sasa alimwita Forodha kama wengine.

Shemeji mwenyewe ndiye aliyemsimulia mke wake. Mdogo wake Forodha alikuja nyumbani kwa dada yake jioni moja, akakaribishwa kiti, akakataa kukaa.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke," alisema.

"Hakuna."

"Na nilipokuuliza habari za Jumamosi, ulijua hamfanyi kazi."

"Nilijua."

"Jumapili ile ulipokuja kula kwangu, ulikuwa umeshamtegea?"

"Nilikuwa nimewategea wote."

"Sikuulizi wote."

"Ndiyo," Forodha alisema. "Nilikuwa nimeshamtegea."

Mdogo wake aliitikia kwa kichwa. Alisema kosa la mume wake analielewa, ni kosa la mtu aliyeona haya. Lakini mtu kuketi mezani, kupakuliwa chakula, kucheka na watoto, huku anasubiri mwenye nyumba anaswe, hilo hajui aliite nini. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Na mimi, dada? Umewahi kunitegea mimi?"

Hakuwahi. Angeweza kusema hivyo palepale, na ingekuwa kweli. Lakini Forodha alikuwa na tabia ya kutotoa jibu kabla ya kukagua, akaanza kupekua kumbukumbu zake, mwaka baada ya mwaka, ahakikishe. Mdogo wake aliyaona macho yake yakitafuta. Hakusubiri jibu. Alichukua mkoba wake na kutoka, na mlango aliufunga taratibu.

Walikaa muda mrefu bila kusemezana. Baadaye mdogo wake alianza tena kupiga simu, akiuliza hali, akieleza habari za watoto na za mama yao anayesumbuliwa na miguu, na mara nyingine walicheka kabisa. Ila kila Forodha alipouliza jambo lolote, hata dogo, hata kama mtoto amepona mafua au shemeji atarudi lini kutoka safari ya hospitalini, upande wa pili wa simu ulinyamaza kwanza. Kisha mdogo wake alisema, bila hasira yoyote:

"Unauliza tu, au?"