Ngumi Chini ya Turubai

Fundi alikuwa anaunga kiraka kwenye turubai la plastiki lililotandikwa sakafuni mwa bwawa la majitaka, pasi ya moto mkono huu, rola ya kukandamizia mkono ule, ngumi ilipotoboa turubai tena na kumng'oa nyapara jino.

Nyapara alitema damu. "Ziba!"

"Nimeziba asubuhi, bosi."

"Ziba vizuri, mzembe wewe! Jumatatu kiwanda kinafungulia maji."

Mkono ule kila mtu aliujua. Ulikuwa na kovu la pasi, na kidole cha mwisho hakikuwa na kucha. Ulikuwa wa kaka yake fundi. Michoro ilitaka udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha matabaka mawili ya plastiki, ili bwawa lidumu na ardhi ije itumike tena. Nyapara aliagiza tabaka moja, juu ya kokoto. Kaka aligoma kuliunga. Nyapara alimpiga chepe la kichwa hadi akanyamaza, akaamuru kokoto zimwagwe juu yake. Zikamwagwa. Fundi alisukuma toroli mojawapo, ndiyo maana naye alikuwa akipata ngumi za mbavu, ingawa si nzito sana.

Nyapara aliwasha grenda, akaukata mkono. Damu ilishuka taratibu kuelekea bomba la kutolea maji. Mteremko, angalau, ulikuwa sahihi. Mkono ukatupwa kwenye pipa lenye mingine. Muda si mrefu, mwingine ukachomoza palepale.

Mke wa marehemu alikuwa amekaa ukingoni, sanda mapajani.

"Shemeji, nitolee mume wangu nikamzike."

"Nikifukua, shemeji, watanifukia mimi."

"Mhandisi anasema bwawa likichoka litafukiwa, liwe uwanja wa watoto. Mwanangu aje acheze mpira juu ya baba yake?"

"Si atapata golikipa," alisema kibarua mmoja.

Watu wakacheka. Mjane naye alicheka, kisha akampasua kibarua mdomo kwa jiwe.

Jioni fundi aliunga kiraka pande tatu. Wa nne aliuacha wazi.

"Mbona hujamaliza?" aliuliza nyapara, akiwa amesimama mbali.

"Pasi imepoa, bosi. Kesho."

Mkono ulitoka kwenye upande ulioachwa, ukapapasa hewani. Mjane akashuka, akaushika. Ukatulia.

Nyapara aliwatazama kidogo, akachuchumaa, akafunga jiwe jipya la kukatia kwenye grenda, tayari kwa asubuhi.