Kata Shauri

1.

TANGAZO

Kikundi cha Filamu cha Bi. Tumsifu Lyatuu kitakabidhiwa ukumbi huu kwa mwaka mzima iwapo opereta yao, KOFIA YA WAZIRI, itachezwa mwanzo hadi mwisho mbele ya wakaguzi wawili BILA KUSIMAMA. Ikisimama, funguo zirejeshwe jioni hiyo hiyo.
Kamati ya Ukumbi

(chini yake, kwa kalamu ya bluu)
Opereta ndiyo nini?

(kwa penseli)
Ni taarab ya Wazungu wa zamani, ila wanakimbizana.

2.

Wewe unayesoma, umeshawahi kumwona mtu wa filamu aliyenyang'anywa mkasi?

Mimi ni Zawena. Naigiza binti wa Waziri. Dada Tumsifu ametulea kwa neno moja. Ukikosea: kata. Jogoo wa jirani akiwika: kata. Ukilisikia unaganda hapo hapo, mguu hewani kama ulikuwa hewani, mpaka aseme eksheni. Alitufundisha hivyo ili picha ziungane vizuri, na tulijifunza vizuri mno.

Jukwaani hakuna kuunganisha. Hii ni opereta yake ya kwanza, na yetu.

3.

Mazoezini.

"Mzee Malugu, hapo Waziri anamwimbia binti yake achague mchumba. Imba."

"Kata shauri, mwanangu, ka…"

Watu kumi na mmoja wameganda. Mpiga kinanda, vidole juu.

"Jamani, ni wimbo. Sijasema mimi."

Hakuna anayesogea.

"Eksheni," akasema Dada Tumsifu, kwa uchovu.

"Dairekta, umetufuga kama kuku," alisema Mzee Malugu. "Sasa unashangaa tunaingia bandani wenyewe?"

4.

MARUFUKU JUKWAANI

kukata tiketi (semeni kununua)
kukata kiu (semeni kunywa)
kukata tamaa (semeni kuchoka)
kukata shauri (imbeni TOA shauri)

Mzee Malugu: TOA. TOA. TOA.

5.

Tumsifu, peke yake, chumba cha taa:

Niko juu, nyuma ya watazamaji. Kioo mbele yangu. Niliuvuta mlango ujifunge vizuri, kitasa kikabaki mkononi mwangu, nami nimefungiwa ndani. Nimekiweka mezani, karibu na kipaza sauti cha ukumbi. Nikiita fundi, ukumbi mzima utanisikia.

Basi nakaa.

Wakaguzi wako safu ya pili. Mmoja ana shali ya kijani.

Filamu zangu zote nimezitengeneza kwa kuondoa. Hata ndoa yangu niliimaliza hivyo, palipoharibika nikatoa. Lakini hiki kilicho chini kinakwenda tu. Zawena amekanyaga gauni lake, na kinakwenda. Kofia imeanguka, watu wamecheka, kinakwenda.

Sijui mikono yangu niiweke

6.

Kiitikio cha mwisho. Kinaimbwa mara tatu.

Mzee Malugu akapiga hatua mbele. Watu walikuwa wakicheka tangu kofia ilipoanguka. Alifurahi. Mtu akifurahi hurudia alichokizoea.

"Kata shauri, mwanangu…"

Kata.

7.

Niligeuka jiwe, nakwambia. Mkono wangu ulikuwa unaelekea kwa mchumba, ukabaki njiani. Kinanda kimya. Nikamwona Dada Tumsifu nyuma ya kioo, mkono juu ya kipaza sauti.

Tulikuwa tunamngoja.

Akisema eksheni, wakaguzi wamesikia kwamba mchezo ulisimama. Asiposema, umesimama.

Shali ya kijani ikainama kwa jirani yake:
"Hii ni sehemu ya mchezo?"
"Sijui. Ngoja."

8.

Nyuma ya pazia, mwanangu Mwajabu akalia.

Ana miezi saba. Nilimwacha na mama mkwe wangu, ameshiba. Kilio kile nakijua, si cha njaa. Ni cha kunitafuta.

Maziwa yakashuka. Yakalowesha gauni la binti wa Waziri, na miguu yangu ikaondoka kabla sijaiambia. Kifua hakijafundishwa filamu.

Nikapita pazia, nikarudi naye begani.

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Kumbe ameshachagua," mtu akasema safu za nyuma. "Waziri hana habari."

Nikaimba nikiwa nimempakata. Sikumtazama Mzee Malugu, nilimtazama mwanangu. Kinanda kikaingia, kikitafuta njia. Mchumba akashusha mguu alioganda nao hewani.

9.

Tumsifu:

Nimeondoa mkono kwenye kipaza sauti. Nimeukalia.

Hapa ningekata. Mtoto hayumo kwenye opereta. Gauni limelowa. Mpiga kinanda yuko nyuma ya Zawena kwa mapigo, anamkimbiza.

Na sijawahi kutengeneza kitu

Shali ya kijani anaandika. Anafuta. Anacheka, kisha anaangalia mlango, kama anayekumbuka kazi iliyomleta.

Kiitikio mara tatu. Ile ilikuwa ya kwanza.

Mzee Malugu anavuta pumzi. Midomo yote jukwaani inatengeneza neno bila sauti, ikimwonyesha: toa, toa, toa. Yeye anamtazama mtoto, anatabasamu, anafungua mdomo