Saa Bandia Isiyorudishwa

Tangu asubuhi sijatulia. Nakaa, nasimama, nachungulia dirishani, narudi kwenye kompyuta. Majaribio yote ya programu yetu ni ya kijani, yaani yamefaulu, lakini nikibadilisha tu mpangilio wa kuyaendesha, lile la kengele ya dawa linafeli, linageuka jekundu.

"Yarudishe kama yalivyokuwa, dada," akasema Mbiombio, tunayekaa naye meza moja. Jina hilo tulimpa sisi, na analistahili. "Kijani ni kijani. Bosi anaitaka iende hewani leo."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na polepole haina mshahara."

Nilicheka, ila moyo haukucheka. Programu hii inawakumbusha wagonjwa kumeza dawa, na jana nilimwekea mama yangu kwenye simu yake aijaribu. Mama ana presha.

Nikaanza kusoma jaribio mojamoja. Kwa kuwa hatuwezi kukaa siku nzima tukingoja kengele ilie, huwa tunaidanganya programu kwa saa bandia, tunaisogeza mbele tupendavyo. Ukimaliza, unarudisha saa ya kweli. Mbiombio hakuirudisha. Jaribio lake liliisogeza saa mpaka wakati wa dawa, likaiacha hapohapo. Jaribio la kengele, lililofuata, likarithi saa hiyo, likakuta wakati wa dawa umeshafika, likapita bila jasho.

"Umekula ukaacha vyombo mezani!" nikamfokea.

"Nilisahau, dada."

Sikutaka kutegemea kumbukumbu yake, wala yangu. Nikaandika agizo moja: kila jaribio likiisha, lipite lisipite, saa ya kweli irudi. Kisha nikayaendesha yote upya.

Lile la kengele likawa jekundu. Nikachanganya mpangilio, jekundu tena. Kengele yenyewe ilikuwa mbovu tangu mwanzo, na saa iliyoachwa ndiyo iliyokuwa ikiificha.

Mimi nilikuwa nimeshashika simu, nampigia mama.

"Shikamoo mama. Umemeza dawa?"

"Marahaba, mwanangu. Bado, nasubiri simu ilie."

"Mama, wakati wa dawa umepita zamani!"

"Sasa mbona unanigombeza? Mimi nilikuwa na saa yangu ya mezani, inanipigia kelele kila siku. Si wewe jana uliyeitoa betri?"