Ndevu za Upande Mmoja

Baba mkwe wa kinyozi alikuwa amenyolewa shavu la kulia tu wakati redio ya saluni ilipokatiza muziki. Upepo umegeuka, mtangazaji alisema. Moto wa msituni unashuka kilimani. Wakazi wa mtaa wa juu waondoke sasa hivi, washike barabara ya chini hadi shule ya msingi.

"Malizia kwanza, mwanangu," mzee alisema, macho kayafumba. "Hao ni watu wanachoma takataka."

Kinyozi alichungulia nje. Majivu yalikuwa yakidondoka juu ya pikipiki yake kama unga. Kumbishia mkwe si mchezo, lakini alimfuta povu na kumwinua. "Nisamehe, baba. Leo sikusikilizi."

Alifunga madirisha, akazima umeme, akabeba redio na mkoba wa vifaa. Nje, muuza mkaa alikuja mbio, roho juu. "Daraja la chini limeungua! Tupiteni msituni!"

Watu wakaanza kugeuka. Kinyozi akapiga namba ya zimamoto, akaweka sauti ya simu juu ili wote wasikie.

"Daraja ni zima," sauti ilijibu. "Msituni msithubutu!"

Basi mtaa mzima ukateremka, vitambaa vibichi puani, mzee kajiziba uso kwa taulo la saluni.

Shuleni, mke wa kinyozi alikuwa ameshafika na watoto. Aliwakumbatia wote wawili, kisha baba yake akavua taulo.

"Baba! Nani kakukatisha njiani?" Akacheka hadi akakaa chini. Ukumbi mzima, ambao punde tu ulikuwa ukihesabu watoto kwa hofu, ukaangua kicheko. Mzee alinuna kidogo, kisha naye akashindwa kujizuia.

Kinyozi alimkalisha kwenye dawati, akammalizia. Alipoinua kichwa, foleni ilishafika mlangoni. Alinyoa bure mchana kutwa, redio ikiwa dirishani, na kila taarifa ilipoanza watu wote walisogea karibu.

Saa kumi alasiri ikatangazwa: moto umedhibitiwa, hakuna nyumba iliyoungua. Vigelegele vikapasua paa. Mzee alicheza mpaka kiatu kikamtoka, halafu akaja kumshika kinyozi mkono kwa mikono yote miwili.

"Unajua, nilipokupa binti yangu nilikuwa na wasiwasi."

"Miaka kumi na moja yote, baba?"

"Kidogo kidogo tu," mzee alisema, akarudi kucheza.